Msusi wa Songea Anayekagua Kichwa Kabla ya Kusuka

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, ukungu wa Songea bado umetanda barabarani, na Walburga Komba tayari ameketi barazani kwake. Beata, mtoto wa miaka mitano, amebanwa katikati ya magoti yake. Chanuo linagawa nywele njia ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu linasimama.

"Mama Beata, hiki kipele kina maji."

"Joto tu hilo, dada," anajibu Jane, mama wa mtoto.

"Joto la Songea, mwezi wa saba?"

Benchi zima la wateja linaangua kicheko. Walburga hacheki. Anafunua shingo ya mtoto, anakuta vingine viwili. Anamgeukia Oliva, mteja mjamzito anayesubiri zamu.

"Mdogo wangu, uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Sijui, dada. Labda nimuulize mama."

"Muulize ukiwa njiani. Nenda kliniki sasa hivi, waeleze umekaa karibu na mgonjwa. Usingoje vipele vitoke. Nywele zipo tu."

Vichwa viwili, cha Beata na cha Oliva, vinaondoka bila kusukwa. Kila kimoja ni shilingi elfu tano, lakini Walburga anawapungia mkono kwa moyo mweupe.

Mwaka jana, akiwa na ujauzito wa miezi saba, alikutana na vipele kama hivyo kichwani kwa mtoto mwingine. Alidhani mafuta ya nywele yamemkataa, akasuka hadi mwisho.

Alipokuwa mtoto, kwao Mpitimbi, tetekuwanga ikiingia nyumba moja, watoto wa jirani waliachwa wacheze pamoja ili waimalize wote. Mwaka ilipoingia kwa majirani, yeye alikuwa Tunduru kwa shangazi yake.

"Nilirudi na ngozi yangu laini, wenzangu wana makovu. Nikajiona mjanja!"

Wiki mbili baada ya kumsuka yule mtoto, homa ilimwangusha, vipele vikamjaa mwilini. Majirani walimletea maji ya mwarobaini ya kuoga, huku wakimtania: "Mama mzima na ugonjwa wa watoto!" Kisha kikohozi kikaanza, na pumzi ikawa fupi.

Siku hiyo Bernadina, muuguzi na mteja wake wa miaka mingi, alikuja kusukwa.

"Alisimama mlangoni akinisikiliza ninavyohema," anasimulia Walburga. "Nikamwambia, 'Dada, nitakusuka nikipata nafuu.' Akasema, 'Nywele zangu zipo tu. Wewe inuka.'"

Mumewe, Pankrasi, akaita bajaji. Hospitalini walikuta ugonjwa umeshaingia kwenye mapafu. Akawekewa oksijeni, akapewa dawa.

Hapo ndipo Bernadina alipomweleza kwamba watoto wengi wenye afya hupona, lakini ugonjwa huohuo unaweza kumuua mtu mzima, hasa mjamzito, mvutaji wa sigara au mwenye kinga dhaifu, na hata kichanga.

"Ningekufa na mwanangu tumboni, watu wakicheka," anasema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Namshukuru Mungu, na namshukuru yule dada kila nikiamka."

Kabla ya saa sita simu inaita. Ni Oliva.

"Dada, mama anasema niliugua nikiwa darasa la kwanza! Kliniki wamesema nisiogope."

Walburga anashusha pumzi ndefu. Miguuni pake, binti yake, yule aliyekuwa tumboni, ametoka kuamka ndani na anatafuna ncha ya kanga. Anaitwa Bernadina. Mama anajaribu kumshika nywele, zinateleza vidoleni.

"Bado fupi," anasema. "Zikishikika tu, namsuka, nampeleka kwa somo yake. Msuko wa kwanza wa mwanangu, yeye ndiye wa kuuona."