Faulo ya Tano

Chuoni walimwita Ngazi. Kitu chochote kilichowekwa juu, liwe sanduku juu ya kabati la bwenini au taa iliyoungua, yeye ndiye aliyeitwa kukishusha. Jina likamfuata mpaka klabu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyomsajili, ingawa huko alikuta watatu wanaomzidi urefu, na hakuna aliyemwita kushusha chochote.

Chuoni alikuwa mtu. Mechi moja alifunga pointi thelathini na moja. Mpinzani akiinua mpira kutupa, Ngazi aliruka akauzaba kofi, ukaenda kuangukia kwa watazamaji, na watu walikuwa wanakuja uwanjani kutazama hilo kofi tu. Mwamuzi wa mechi za chuo mara nyingi alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye kitambi. Akishaona mpira umeruka, hakuuliza mkono wa mtupaji umepatwa na nini.

Klabuni waamuzi ni watatu na hakuna mpole. Katika mechi yake ya kwanza ya kulipwa Ngazi alikaa uwanjani dakika sita, akapigiwa filimbi mara tano, akatoka. Faulo tano ndiyo basi. Ukifikisha ya tano unakwenda kukaa na taulo shingoni, na hata timu ikibaki na watu wanne huruhusiwi kurudi. Mechi ya pili alikaa dakika tisa. Ya tatu saba. Msimu ukasogea hivyo hivyo, mpaka zikawa zimebaki mechi tatu, na tangu asajiliwe hakuwa amemaliza mechi hata moja akiwa amesimama uwanjani.

Siku hiyo Kocha akamwita kwenye chumba cha kutunzia mipira, ambako kuna televisheni ndogo juu ya kreti. Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayemwangalia mgonjwa. Alimwonyesha faulo zake zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyingi, na zote zilifanana. Mpinzani anaunyanyua mpira mpaka usawa wa paji la uso kana kwamba anatupa, Ngazi anapaa, mpinzani anasubiri, Ngazi anamshukia mgongoni. Filimbi. Tena. Filimbi. Ngazi akawa anajitazama anavyopaa kwenye kile kioo kidogo, akatamani mtu azime umeme.

"Sikukusajili ufunge," Kocha akamwambia. "Wafungaji ninao. Ninataka mtu wa kusimama chini ya kikapu mpaka filimbi ya mwisho. Zimebaki tatu. Maliza moja tu, msimu ujao nakuandika. Usipomaliza, mwanangu, tutaagana vizuri."

Ngazi akasema sawa, Kocha. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na kitu pekee alichowahi kusifiwa maishani ndicho hicho alichoambiwa akiache.

Nyumbani alimkuta mama yake ameshatangulia kuweka miguu kwenye beseni. Mama alikuwa mpishi wa shule. Alisimama tangu alfajiri akikoroga sufuria la watoto mia nne, na jioni vifundo vya miguu vilikuwa vimefura mpaka mstari wa soksi ulibaki umechorwa kwenye ngozi. Akasogeza miguu yake upande mmoja, Ngazi akaingiza ya kwake. Wakakaa hivyo, miguu minne kwenye maji ya chumvi yaliyoanza kupoa, kila mmoja akiegemeza kichwa ukutani. Mama akamuuliza kazi inaendaje. Akajibu inaenda. Mama akasema majirani wanauliza mbona siku hizi hawasikii jina lake, au huko kwenye kulipwa hawatangazi majina? Ngazi akasema wanatangaza, ila wanaanza na wakubwa. Ulikuwa uongo mdogo, na mama aliupokea kwa sababu hakuwa na nguvu za kuugeuzageuza.

Mkubwa kuliko wote klabuni alikuwa mchezaji waliyemwita Shangazi. Alikuwa na miaka thelathini na tano, watoto wawili, na magoti aliyoyafunga bandeji kila asubuhi kama anayefunga mzigo wa safari. Siku ya kwanza Ngazi alipomwamkia shikamoo, chumba kizima kiliangua kicheko, na Shangazi akamwambia shikamoo yake aipeleke nyumbani, hapa watasukumana. Na kweli, kila siku mazoezini walisukumana, na kila siku Shangazi alimrusha. Hakuwa na kasi, hakuwa na mruko. Alikuwa na ile danganya toto yake tu. Ananyanyua mpira, ananyanyua na nyusi, Ngazi huyo hewani, na Shangazi anapita chini yake taratibu kama anayepita chini ya kamba ya nguo, anaweka mpira kikapuni.

"Ukifika huko juu utusalimie," alikuwa akimwambia. Wenzao wakicheka, yeye hacheki.

Kesho yake baada ya mazoezi, wengine walipokwenda kuoga, Shangazi akabaki amekaa sakafuni, amenyoosha miguu. Akamwita Ngazi, akamwambia amesikia habari za mechi tatu. Kisha akamwambia wabaki kila siku, wao wawili, mpaka hilo jambo liishe. Ngazi akaanza kumshukuru, akisema hajui atamlipa nini kwa moyo huo.

"Moyo gani?" Shangazi akamkatiza. "Wewe ukitolewa anaingia nani? Dakika zako zote nazicheza mimi, mtoto. Mwaka mzima nacheza dakika zako. Ninakufundisha kwa ajili ya magoti yangu."

Wakaanza. Kanuni ilikuwa nyepesi kuisikia. Shangazi atadanganya mara arobaini. Ngazi asiruke hata mara moja. Akiruka, wanarudi kwenye moja. Siku ya kwanza hawakuvuka sita. Ngazi alijua kabisa ni danganya toto, ameambiwa ni danganya toto, na bado miguu yake iliondoka yenyewe, kama mtu anayepepesa macho. Wakarudi moja. Wakarudi moja tena. Mfagiaji wa ukumbi akaja na fagio lake pana, akafagia akiwazunguka, akaondoka. Shangazi alikuwa akishika kiuno kila baada ya mara tano, anapumua, ananyanyua tena.

Siku ya tatu Shangazi akachoka kwa namna nyingine. Akauweka mpira chini.

"Unatazama nini ninaponyanyua?"

"Mpira."

"Tangu leo acha kuutazama. Tazama magoti. Mtu hawezi kuruka na magoti yaliyonyooka, hata awe nani. Jaribu."

Ngazi akajaribu. Alinyoosha magoti yakakaza, akataka kuruka, akatingishika tu pale pale kama mlingoti. Ilimshangaza kwamba ameruka maisha yake yote na hajawahi kujua hilo.

"Basi," Shangazi akasema. "Magoti yakiwa yamenyooka, haendi popote, na wewe usiende. Yakikunjwa, nenda naye, mikono juu, usimpige. Moja."

Siku hiyo walifika kumi na tisa.

Katika mechi ya kwanza kati ya zile tatu alitolewa robo ya tatu. Ya pili alitolewa zikiwa zimebaki dakika mbili, kwa kosa la kijinga kabisa. Aliyatazama magoti vizuri, akabaki chini vizuri, kisha mkono ukaenda wenyewe ukamshika mtu fulana. Shangazi aliinuka benchi kuingia badala yake. Aliingia akichechemea. Hilo lilimuuma Ngazi kuliko kama angetukanwa.

Jumapili usiku hakuwa na hamu ya kula. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi haukuugusa. Alilala chali kwenye mkeka kwa sababu godoro lilimuumiza mgongo, akawa anawaza jinsi chuoni alivyokuwa akirudi bwenini anaimba baada ya mechi. Je, alikuwa bora wakati ule, au hakuwa amekutana na watu? Watu walisema ukiingia kwenye kulipwa unapanda. Yeye alijiona anashuka kila wiki, na anayemfundisha kushuka ni mwanamke asiyeweza kupanda kitanda bila kuguna.

Mechi ya mwisho iliangukia shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo mama yake akaja, mara ya kwanza tangu Ngazi aingie klabuni. Alivaa viatu vyake vizuri vinavyombana, akakaa safu ya tatu, mkoba juu ya mapaja.

Timu pinzani walikuwa na mwanamke mpana, mwenye mabega kama ya mbeba magunia, aliyecheza miaka kumi na kuona kila aina ya watoto wa chuo. Alimwangalia Ngazi mara moja akamjua. Robo ya kwanza akamdanganya, filimbi. Kabla ya mapumziko akamdanganya tena, filimbi. Ya tatu ilikuwa ya kugombea mpira. Ya nne ilipigwa mwanzoni mwa robo ya mwisho, na Ngazi alisikia ukumbi ukivuta pumzi. Akageuka kumtazama Kocha, akijua anatolewa. Kocha alikuwa ametazama chini, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Pembeni yake Shangazi amekaa na taulo juu ya magoti, amelikamata kwa mikono miwili, midomo ikitembea kama anaomba.

Akabaki. Dakika nane zile hakuruka bure. Alisimama tu, akasukumwa, akasukuma, akadaka mipira miwili iliyogonga pete ya kikapu na kurudi. Jasho lilimwingia machoni. Mapaja yalikuwa yanatetemeka kwa kukaa ameinama. Hakuna aliyempigia makofi, kwa kuwa hakukuwa na cha kupigiwa makofi.

Zilibaki sekunde kumi na mbili, wao wakiongoza kwa pointi moja. Mpira ukamfikia yule mwanamke mpana chini ya kikapu, uso kwa uso na Ngazi. Akaunyanyua. Ngazi akatazama magoti. Yamenyooka. Nyuma watu wakampigia kelele aruke. Akaunyanyua mara ya pili, juu zaidi, na mabega yakaenda na mpira, uso ukaenda, kila kitu kikaenda isipokuwa magoti. Ngazi akabaki chini. Yule mwanamke akamtazama kidogo, kama mtu aliyekuta mlango aliouzoea umefungwa kwa ndani. Kisha magoti yakakunjwa, na Ngazi akaenda naye, mikono imenyooka juu, haipigi, haishiki.

Mpira ulipita juu ya vidole vyake kwa upana wa kucha. Ukazunguka pete, ukaingia. Sekunde zikaisha. Hakuna filimbi nyingine iliyopigwa zaidi ya ile ya mwisho.

Walifungwa kwa pointi moja. Wenzake wakatoka vichwa chini, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Ngazi wa zamani angeuzaba ule mpira. Ngazi alibaki amesimama chini ya kikapu, kwa sababu hakuwahi kufika hapo na hakujua watu wakimaliza mechi hufanya nini. Yule mwanamke mpana akapita akamgusa bega, akaenda zake.

Kocha akamjia. Hakutabasamu. Akamwambia aje Jumatatu saa mbili asubuhi kuandikwa, na msimu ujao wataanza na mikono, kwa sababu ile mikono bado inatembea bila kutumwa. Ngazi akasema sawa, Kocha. Shangazi alikuwa hajavua hata fulana ya juu ya kukalia benchi, kwa kuwa siku hiyo hakuitwa kuingia. Akasema kesho atainama kumfunga mwanawe viatu bila kuita mtu wa kumwinua, halafu akajifuta uso kwa taulo, akakaa nalo usoni muda mrefu kidogo.

Mama alikuwa anamsubiri mlangoni. Akamchukulia mfuko wa viatu, ingawa na yeye miguu ilimuuma. Wakatembea mpaka kona ya pili.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, kama anayegusa kidonda, "yule mama alikuwa mbele yako na mpira kichwani, mara mbili nzima. Wewe ukabaki unamtazama miguu. Ulikuwa unaruka vizuri sana wewe."

Ngazi akaanza kumweleza. Akasema habari za magoti, na kwa nini mtu abaki chini, na faulo nne, na kwamba hii ndiyo mara ya kwanza. Maneno yalitoka yamechoka, mengine nusu nusu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wamekubakiza?"

"Wamenibakiza."

Mama akasema aha. Akauhamisha mfuko mkono wa pili, wakaendelea kutembea.