Siku Tuliyotafuta Gurudumu la Nne

Wako watu Mlaleo, pale Kisauni, ambao mpaka leo wakiniona hawaanzi na salamu, wanaanza kwa kuangalia chini nyuma yangu, kana kwamba kuna kitu nimeangusha, halafu ndiyo wanacheka na kunipa mkono. Nami nacheka nao, nifanye nini tena, maana aibu ikishakaa miaka unaizoea. Ila siku yenyewe sikucheka hata kidogo, na nawaambia kweli, ardhi ya Mlaleo ingepasuka ningeingia mimi na kigari changu.

Mambo yalianzia kwenye uzazi wa kwanza wa mke wangu, Zuhura. Miaka ya tisini mwanzoni hiyo, mimi nakaa Chaani, nafanya kazi ya ukarani kwenye ghala moja pale Changamwe, na Zuhura, kama ilivyo ada ya kwao, mimba ilipokuwa kubwa alirudi kwa mamake Kisauni ajifungulie huko na arobaini yake aitimize huko, akikandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga, nami nikawa mtu wa kwenda na kurudi kila Jumapili na vifurushi vyangu. Arobaini ikaisha. Nikaenda kuwachukua watu wangu, mke na mtoto (binti, tulimpa jina Rukia), nikarudi mikono mitupu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, hakunikatalia, maana yeye si mtu wa kumkatalia mtu, aliniuliza tu kwa upole: "Mwanangu, Zuhura mgongo haujapoa, hawezi kubeba. Hapa tuko wanawake wanne, twapokezana mtoto. Huko kwako yuko nani?"

Huko kwangu nilikuwako mimi, na mimi mchana kutwa niko ghalani. Nikala wali wangu, nikaondoka. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na nyingine tena vivyo hivyo, mpaka siku moja nikambeba Rukia naye akaniangalia usoni akalia, akanyamaza alipopokelewa na jirani, na hapo moyo ukaniuma sana, nikaona nisipofanya jambo mwanangu atanijua kama mgeni wa Jumapili.

Ndipo nikawaza kigari. Kama Zuhura hawezi kubeba, basi asibebe, asukume. Siku hizo kigari cha mtoto mitaani kwetu kilikuwa kitu cha kuonekana kwa wazungu wa mahoteli, lakini kwenye mitumba ya Kongowea vilikuwa vinashuka kimoja kimoja, na Jumapili ile nikashukia Kongowea mapema kabla ya kwenda Kisauni.

Aliyekuwa akiviuza alikuwa mama mmoja wa bara, mchangamfu, na alikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa cha magurudumu manne, madogo madogo ya plastiki, kitambaa chake cha maua kimepauka kidogo lakini kizima, chenye kamkanda ka kumfungia mtoto. Cha pili (hapo ndipo shetani aliponishika mkono) kilikuwa cha magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja mbele, yote ya mipira ya kujazwa upepo kama ya baiskeli, rangi ya buluu, kimenyooka mbele kama kinataka kuondoka chenyewe.

"Hiki cha manne ni cha simiti," mama akaniambia. "Nyinyi huko kwenu ni mchanga?"

"Mchanga mtupu."

"Basi kastoma, chukua hiki cha matatu. Hayo madogo yatazama, utakuwa unabeba mtoto na kigari pia."

Alisema kweli, na mpaka leo sina ugomvi naye. Lakini nisijifanye kwamba nilichagua kwa sababu ya mchanga peke yake. Nilikichagua kwa sababu nilimwona Bi Mwanajuma kwenye fikira zangu, amesimama mlangoni, ameshika kiuno, anasema mkwe wangu kweli ni mwanamume. Nilitaka aone kitu ambacho hajapata kukiona, na hilo, ndugu zangu, nililipata.

Nikakisukuma kwa miguu kutoka Kongowea mpaka Mlaleo. Kwenye njia iliyonyooka kilikwenda vizuri sana, mchanga hakikuujali, ila kupinda hakikutaka, gurudumu la mbele lilikuwa limekazwa haligeuki kushoto wala kulia, kwa hiyo kila kona nilikiinua pua kwanza nikakigeuza. Watu wakachungulia ndani wamwone mtoto, wakaona kitupu, wakaniangalia mimi. Nikajikaza, nikaenda zangu kifua mbele.

Nilipofika nyumbani kwa mkwe, barazani walikuwa wamekaa wanawake kama sita hivi, Bi Mwanajuma katikati, na dada zake wawili, na majirani waliokuja kuchambua mchele. Nikakiegesha kigari mbele yao, nikaamkia, nikaitikiwa. Bi Mwanajuma akainuka, akakizunguka kigari taratibu, upande huu, upande huu, akainama akaangalia mbele, kisha akaniuliza kwa huruma kabisa:

"Mwanangu, hili moja limekuanguka wapi?"

"Lipi, mama?"

"Gurudumu."

Jibu lilikuwa jepesi. Lilikuwa la kusema, mama, hiki kimeundwa hivi, ni matatu. Lakini nyinyi wenyewe mnajua mkwe ni nani. Mimi mama yule sikuwahi hata kumwangalia usoni sawasawa tangu nioe, nikizungumza naye nazungumza na kidevu changu, sasa nimwambie mbele ya dada zake na majirani zake kwamba hajui analolisema? Ulimi ukanizunguka mdomoni, na nilipokuja kusikia sauti yangu, inasema:

"Labda limechomoka njiani, mama."

Basi. Hilo ndilo jambo dogo lililonimaliza.

"Maskini," akasema mmoja wa wale dada, "na alivyokuja kwa furaha."

"Si neno, litatafutwa," akasema Bi Mwanajuma, kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umelainika kuliko nilivyowahi kuuona. "Kigari chema hiki, mashallah. Zuhura atakisukuma bila taabu. Gurudumu likipatikana likatiwa, leo leo wachukue watu wako."

Mnaona nilivyofungwa? Kile nilichokuwa nakililia wiki zote hizo nimepewa, kwa sharti la kupata kitu ambacho hakipo duniani. Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya pazia na mtoto begani, akakiangalia kigari, akaniangalia mimi, na nikajua yeye keshafahamu. Akanifanyia ishara ya mdomo: sema. Sikusema.

Watoto wa mtaa mzima wakatumwa njia ya Kongowea. Mjomba wake Zuhura, Mzee Athumani, mtu mpole mwenye bakora, akaamua kufuatana na mimi mwenyewe, akawa anapekua majani kando ya njia kwa ncha ya bakora yake, na mimi mbele yake nimeinama natafuta pia (naam, nilitafuta, tena kwa bidii, nikichungulia mpaka kwenye mitaro). Kila tukikutana na mtu, Mjomba anamweleza, na yule mtu anaacha shughuli zake anaingia kazini. Mpaka mafundi waliokuwa wakijenga ukuta walishuka.

Mjomba akaniuliza, "Wewe hukusikia lilipoanguka?"

Hapo tena nilikuwa na nafasi. Ningesema sikusikia, tukarudi. Lakini mtu akishaanza uwongo huona lazima aupambe, nikasema, "Nilisikia kama kitu kimegonga, hapa hapa karibu na kwa muuza makaa."

Muuza makaa alikuwa mzee mmoja, Mzee Ngao, yeye na makaa yake tu, hana neno na mtu. Mjomba akamwendea kwa heshima zote akamuuliza kama ameona gurudumu dogo la mpira. Akasema hakuona. Tukaondoka, lakini wale watu waliokuwa nyuma yetu hawakuondoka. Mmoja akasema lilianguka hapa hapa kwake, vipi asilione. Mwingine akasema juzi mtoto wake alipotelewa na kandambili karibu na hapo. Kufumba na kufumbua, magunia ya mzee wa watu yanapapaswa, naye amesimama na mikono yake myeusi kaitandaza, anauliza, "Mimi gurudumu moja nalipeleka wapi?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Adhana ya alasiri ikatoka, watu wakaenda kutia udhu, nami nikaenda nao, na sala ile niliyoswali naijua mimi na Mola wangu, sijui hata nilisoma sura gani.

Baada ya sala Mjomba Athumani hakutangaza ndani, kwa sababu msikitini hakutangazwi vitu vilivyopotea, alingoja watu watoke mpaka nje, pale wanapovalia viatu, akapiga bakora chini akasema, "Jamaa, mkwe wetu amepoteza gurudumu la kigari cha mtoto. Aliyeliokota, kwa hisani yake, alirudishe, kuna mzazi anangoja kwenda kwake."

Mzee Ngao naye alikuwako, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akasema, "Mimi nimekaa mtaa huu tangu nina ndevu nyeusi. Naapa mbele yenu, na msikiti huo hapo, sikuchukua gurudumu la mtoto wa mtu."

Sikuweza tena. Nikasema, "Mzee, usiape. Hakuna gurudumu."

"Hakuna vipi?" akauliza Mjomba.

"Halikupotea. Kigari chenyewe ndivyo kilivyo. Ni matatu tangu kilipoundwa."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wa pili akapokea, wale mafundi wa ukuta wakakaa chini kabisa kwa kicheko, na mimi nimesimama katikati yao kama nguzo. Mzee Ngao ndiye hakucheka. Nikamwendea nikamshika mkono nikamwomba radhi mbele ya wote, vumbi la makaa shatini mwake likanipaka hadi kwenye kanzu, naye akasema, "Nimekusamehe, kijana. Lakini umenitaabisha." Maneno hayo yaliniingia kuliko kicheko chote.

Mjomba akatia bakora kwapani. "Sasa haya kamwambie dada yangu. Kwa kinywa chako."

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imefika kabla yangu. Wageni wameondoka, mchele umefunikwa, Bi Mwanajuma amekaa peke yake barazani karibu na kigari, mkono kauweka juu ya lile gurudumu la mbele. Nikamweleza hata hivyo, tangu mwanzo, macho yangu chini. Nilitarajia anifokee. Hakunifokea.

"Wewe wanistahi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni vyema. Sasa nambia, mwanangu. Mtoto akiwa na homa huko Chaani, nikikutumia mtu kuuliza, utanambia kweli, au utanambia yu mzima kwa kunistahi?"

Hata leo nikilikumbuka swali hilo natafuta pa kuweka mikono. Akasema niende, tutaonana Jumapili, na kigari niende nacho kwa kuwa hapo ukumbini hapana nafasi. Nikarudi nacho Chaani, kitupu, kwa njia ile ile, na kila aliyechungulia akaniuliza yuko wapi mtoto nilimjibu kweli: yuko kwa bibi yake, nimeshindwa kumchukua. Usiku sikulala, nikaapa kwamba mimi na kusema ndiyo mahali pa siyo tumeachana, mbele ya mkwe au mbele ya nani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumapili nikaenda bila kifurushi, bila kigari. Nikaandaliwa ukumbini, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na Bi Mwanajuma, ambaye kwa kawaida huandaa akaingia zake ndani, siku hiyo akavuta kibao akakaa karibu na mlango, leso yake kaishika kidevuni, mmoja wa dada zake yuko pale na Mjomba Athumani naye yuko pale. Nikatia tonge la kwanza mdomoni.

"Munyu umekolea, mwanangu?"

Chumvi haikuwamo. Si kwamba imepungua, haikuwamo kabisa, si kwenye wali si kwenye mchuzi. Dada mtu akaniangalia, Mjomba akaangalia bakora yake. Nikainua macho, kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamwangalia mama yule usoni.

"La, mama," nikasema. "Haukutiwa kabisa. Hakiliki."

Akainuka, akaitengeneza leso yake, akaita kuelekea ndani.

"Zuhura!"

"Abee, mama!"

"Funga mizigo yako. Babake Rukia amekuja kuwachukua."