Salamu ya Asubuhi ya Mama Orwa

Jua halijawa kali kijijini Nyakunguru, na Rhobi Wangwe tayari amekaa chini, mguu wa kulia ameunyoosha, anaponda jiwe. Mkono mmoja una nyundo, mwingine umeshika pete ya mpira wa tairi inayozuia vipande visiruke. Mawe haya yakishalainika yatapelekwa kusagwa, dhahabu itafutwe.

Alianza kazi hii watu walipomiminika kijijini kufuata dhahabu. Sasa maumivu ya goti lake la kulia hayamwachi.

"Asubuhi linanisalimia vizuri tu," anasema akicheka. "Nikishinda nimelikunja, jioni ndiyo linanikumbuka."

Jirani yake wa kazi ni Akech, ambaye hapa wanamwita Mama Orwa, kama Rhobi anavyoitwa Mama Nchagwa. Kwa muda mrefu waligawana vidonge vya maumivu na kukandana kwa mafuta, wakiamini wanaumwa kitu kimoja: mawe.

Ila Rhobi ni mtu wa kutazama. Huku mwenye mikono michafu humpa mwenzake kifundo cha mkono amsalimie. Siku moja Mama Orwa alimpa kifundo asubuhi, mikono ikiwa misafi. Jioni, vumbi limemjaa, alimpa kiganja kizima.

"Asubuhi iliyofuata nikamuuliza, Mama Orwa, umeshaponda mawe nyumbani kwako? Akasema, 'Niache, Mama Nchagwa. Vidole havijaamka.'"

Rhobi akaanza kulinganisha. Goti lake lilipenda mapumziko. Vidole vya mwenzake vikipumzika ndipo vinakakamaa. Tena vilivimba mikono yote miwili, na uchovu juu yake, hata siku ambazo hawakuponda.

"Nikamwambia, hii yako si ya mawe. Akanijibu, 'Kumbe umekuwa daktari wa kokoto?' Nikasema mimi ni wa goti tu, twende kwa wa kweli."

Walikwenda pamoja. Baada ya vipimo, daktari aliwaeleza kwamba goti la Rhobi limesagika kwa kazi. Mama Orwa ana baridi yabisi: kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake yenyewe. Akizidi kuchelewa, vidole vinaweza kupinda visinyooke tena.

"Vidole hivi ndivyo vinalisha wanangu," anasema Mama Orwa. "Nilikuwa navipoteza huku nameza dawa ya goti la mtu."

Sasa anatumia dawa yake mwenyewe. Mawe magumu anapondewa na Rhobi, ambaye anapanga kujenga jukwaa la kuwekea mawe, aponde ameketi kwenye kigoda badala ya chini.

Leo Mama Orwa anapofika, Rhobi ananyoosha mkono. Anapewa vidole vitatu, polepole.

"Si haba," anasema Rhobi. "Asubuhi moja atanipa mkono wote, aubane mpaka mimi ndiye nipige kelele."