Tanga Nililomwekea Baba Mkwe

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, naomba msicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Makambako, mzaliwa wa Matembwe, na ziwa nimeliona kwenye kalenda tu. Mchumba wangu, Neema, baba yake ni mvuvi wa Ludewa anayekaa naye Lyamkena, hapa hapa mjini, na mwaka mzima mzee alikuwa uani akichonga mtumbwi wa kumpelekea mdogo wake ziwani. Jumamosi lori liuchukue, Jumapili mshenga wangu apeleke posa.

Ijumaa mzee akaenda Ilembula kupimwa macho, akaniachia ulinzi. Sasa mimi kutulia siwezi (hata ibadani natoka mara tatu), nikafungua kamusi: mtumbwi, chombo kisicho na tanga. Kisicho na! Roho ikaniuma, nikaona mzee kakwama na anaona haya kusema, basi mkwe mwema nimalizie kazi. Nikachukua keekee ya kaka yangu seremala nikatoboa katikati, nikasimika mti, ukayumba, nikaongeza kina kwa patasi, ukayumba, nikaongeza tena mpaka nikaona udongo wa uani. Nikafunga turubai la bluu kwenye mti huo nikajipa moyo kwamba litafunika kila kitu.

Jumamosi majirani wamejaa kusaidia kupakia, mzee anaingia getini, na upepo wa Makambako mnaujua: turubai likajaa, mtumbwi ukabiringika ubavu, tundu likawatazama watu wote.

"Mwalimu, nini hiki?"

"Tanga, baba. Haukuwa nalo."

Mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Na wewe, una mkia?"

"Sina, baba."

"Umepungukiwa?"

Majirani walicheka mpaka dereva wa lori akakaa chini. Neema hakucheka, akaingia ndani, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mzee alipachika kipande cha mti kwenye tundu, akakipigilia, akasema, "Posa isubiri. Mdogo wangu akivua wiki nzima bila maji kuingia, njoo. Yakiingia, baki kwenu."

Leo siku ya tano tangu mtumbwi uingie ziwani. Simu ikilia naruka, wingu likitanda upande wa ziwa nasimama dirishani mpaka lipite. Keekee nimeirudisha na sitaigusa tena. Jana darasani mwanafunzi aliuliza mtumbwi ni nini. Kamusi sikuifungua. Nikamwambia ni chombo kilichokamilika, kisha nikatoka nje kuangalia simu.