Rehema kaanguka, kocha anaangalia saa

Jamani, nina hasira!

Rehema, mwenzangu wa timu ya mbio ndefu chuoni, wiki nzima analalamika kachoka, hata usingizi hapati. Aliomba apumzike. Kocha akamjibu, "Uchovu uko kichwani mwako."

Leo asubuhi pale viwanja vya Mnazi Mmoja tukakimbizwa tena mizunguko ya kasi, mapumziko kiduchu. Rehema akaanguka.

Nikasimama kumwinua. Kocha, macho kwenye saa: "Nani kakuruhusu kusimama?"

Eti mimi ndiye mkosaji!

Nikampeleka zahanati. Daktari kasema mwili umezidiwa na mazoezi, apumzike wiki kadhaa.

Baadaye kocha akapiga simu. Nikajua anamjulia hali mgonjwa.

"Mashindano ya Jumamosi ataweza kukimbia?"

Rehema katundikiwa dripu hapo!

Nikakata simu. Nyie mngemjibu nini?