Mafuta ya Taa Kivukoni

Pikipiki niliyoendesha miaka hiyo miwili ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Baada ya mazishi, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Bungoma, jamaa waligawana nguo na vyombo, na pikipiki ikabaki imeegemezwa ukutani kwa sababu haikufaa kubeba abiria wala mzigo. Ilikuwa na kiti chembamba, magurudumu yenye meno makubwa, na injini iliyoinuliwa juu ili isigonge mawe. Niliichukua kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Sikuwa nimelia mazishini. Miezi iliyofuata niliendelea kufundisha, kusahihisha mitihani na kula kwa wakati, na sikuona ndani yangu kitu ambacho ningeweza kukiita huzuni.

Kila Jumamosi asubuhi nilipanda hadi Kitale kuungana na waendeshaji wengine sita, waliokuwa wenzake kaka. Tulishika barabara ya Suam, kisha tukaiacha na kuingia njia ya msitu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, njia inayoishia juu, mahali miti inapokoma na nyasi za baridi kuanza. Kwa muda wa saa tatu mawe na mizizi viliniamuru pa kutazama, nami sikuhitaji kuamua jambo jingine lolote. Sikuiita hali hiyo furaha. Ilikuwa tu sehemu pekee ya juma ambayo niliweza kuikumbuka baadaye kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi mwisho, na nilijua kwamba nikiipoteza sina nyingine.

Msitu ule ni mali ya umma, lakini njia ya kuufikia hupita kijijini, na lango lake lilikuwa mikononi mwa kamati ya wanakijiji iliyosimamia pia maji yao. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mkulima wa viazi. Wanakijiji hawakutupenda, na sababu zao zilikuwa na msingi. Tulipita tukiwa na helmeti zilizofunika uso mzima, glavu, na viatu vinavyofika magotini, na kwenye usukani tulikuwa tumefunga vifaa vya kuonyesha njia. Huko kwetu, mgeni anayeingia msituni na kifaa cha kusomea ramani hudhaniwa kuwa mpima ardhi. Mara yetu ya pili kupita, mwanamke aliyekuwa akipalilia alituuliza ni nani aliyetutuma, na ni kipande kipi ambacho tayari kimeuzwa.

Kiongozi wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, aliuchukulia uvumi huo kwa uzito. Tulikuwa na desturi ya kuzima injini kila tulipokutana na ng'ombe, tukasubiri mpaka wa mwisho apite. Sasa aliongeza sharti la pili, kwamba tusiingie kijijini tukiwa wachafu.

"Mtu akiwa na matope mpaka kwa meno," alisema, "hata salamu yake inakaa matusi."

Kwa hiyo tulipokuwa tukishuka tulisimama kivukoni, mahali njia inapokatiza kijito, tukaosha pikipiki na viatu. Kisha tukavua helmeti, tukaingia kijijini polepole nyuso wazi, tukasalimia kila mtu na kunywa chai katika kibanda cha pale sokoni. Mpango huo ulifaulu kuliko tulivyotarajia. Baada ya miezi michache watu walianza kutupungia mkono, na mwenyekiti mwenyewe alikuja siku moja akaketi nasi, akatuuliza habari za Kitale na bei ya mbolea.

Mkebe wa mafuta ya taa uliotumika pale ulikuwa wangu. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha pikipiki ile kwamba cheni iliyoshika matope huliwa upesi isiposuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, na kwa kuwa napenda kazi inayofuata hatua zake, nilibeba mafuta hayo kila juma. Wenzangu waliniiga. Tulisugua cheni zote saba, pingili baada ya pingili, kisha tukamwagia mawe maji mengi ili pasibaki doa la kumkera mpita njia. Hakuna aliyeuliza maji yale yalikuwa yakienda wapi.

Harufu niliisikia kwanza kwenye chai. Nilidhani ni vidole vyangu. Juma lililofuata niliisikia tena, nikadhani vivyo hivyo. Jumamosi ya tatu kifundo cha mkono kilikuwa kikiniuma. Mwenzangu alinisugulia cheni, nami sikuugusa mkebe. Kibandani nilinusa viganja vyangu, kisha nikanusa kikombe. Mwenye kibanda aliniona, akaomba radhi. Alisema maji yameharibiwa na wabeba maziwa, hao wanaoteremka kila siku kutoka malishoni na madebe yao, ati pikipiki zao ni nzee na zinavuja mafuta ovyo. Niliimaliza chai. Niliwaambia wenzangu nimesahau kitu, nikarudi kivukoni kwa miguu na kufuata kijito kuteremka. Hatua thelathini na moja chini ya mawe yetu, kati ya majani ya kangaga, palikuwa na mdomo wa bomba linalojaza tangi la kijiji. Haukuwa umefichwa.

Tulipofika Kitale nilimweleza kiongozi. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo hatutaosha chochote pale, na kwamba kijito kitajisafisha chenyewe. Aliniomba nisiongeze neno, kwa sababu tukikiri, lango litafungwa. Sikuongeza neno kwa majuma matatu. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisumbua, lakini si kweli. Nilifundisha, nikala, nikalala. Jumamosi tulipanda na kushuka kama kawaida, tukaingia kijijini na matope yetu, na watu wakatupungia mkono vilevile.

Kisha kamati iliitisha mkutano wa kuamua kama pikipiki za wabeba maziwa zizuiwe kutumia njia ya msitu. Sisi tulialikwa tutoe mfano. Kiongozi aliniomba niandike kanuni zetu katika ukurasa mmoja na kuzisoma mbele ya watu, nami niliziandika kwa uangalifu, kanuni nane.

Mkutano ulifanyika mchana katika uwanja wa kanisa, kwenye mabenchi yaliyotolewa nje. Mwenyekiti alituonyesha kwa mkono na kutusifu. Alisema watu wa helmeti wana heshima, wanazimia ng'ombe injini, na hata alipokuwa hawaamini walimsalimia. Kwenye benchi la mbele aliketi mbeba maziwa mmoja wa umri wangu, kofia yake magotini. Alikuwa amejitetea kwamba pikipiki yake haivuji, na mtu wa nyuma akamwambia hata mlevi husema hajaonja. Watu walicheka. Yeye hakugeuka.

Nilisimama na karatasi yangu. Nilisoma kanuni ya kwanza, kuhusu ng'ombe. Ya pili ilihusu usafi, na sikuona namna ya kuisoma.

"Mama," nikamwambia mwenyekiti, "mafuta yaliyo majini ni yangu."

"Yako namna gani, Mwalimu?"

"Tulikuwa tunaosha pikipiki kivukoni kabla ya kuingia kwenu. Cheni tunasugua na mafuta ya taa. Mimi ndiye nilikuwa naleta."

"Mlikuwa mnaosha kwa nini?"

"Ili tusiwafikie tukiwa wachafu."

Mwenye kibanda akasema, "Na chai mlikunywa, bana. Mkaniambia ni tamu." Safari hii kicheko kilikuwa kirefu, na baadhi yetu walicheka pia. Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza nimejua tangu lini, nikamwambia. Alishauriana na wajumbe wake pale pale, wakiwa wamesimama, kisha akatangaza kwamba wabeba maziwa wataendelea kupita. Watu wa helmeti hawatapita tena mpaka maji yarudi kuwa maji, na mwenye kupima ni yeye.

Mbeba maziwa alinifuata mpaka langoni. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumzuia.

"Wiki tatu, Mwalimu," alisema. "Wiki tatu watu wanasema maziwa yangu inanuka taa. Nimemwagia mbwa. Si ungesema hiyo siku ya kwanza?"

"Ningesema."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilimwambia nilitaka kuendelea kupanda mlimani. Alinitazama usoni kama mtu anayengoja sentensi ya pili. Haikuwepo. Alivaa kofia yake, akaondoka.

Kiongozi hakunigombeza. Barabarani alisema tu kwamba ningemuuliza kwanza, na ni kweli kwamba sikumuuliza. Juma lililofuata wenzangu walihamia upande wa Kachibora, kwenye njia nyingine, na hawakuniarifu saa ya kukutana. Sikuwapigia simu. Pikipiki niliiacha Bungoma, ikiwa imefunikwa turubai.

Mwenyekiti ndiye aliyenipigia. Alisema tangi litamwagwa maji yote na kusuguliwa kwa mchanga, bila sabuni, na kwamba ananitarajia mimi, si vijana wa kukodiwa. Nilipanda siku hiyo kwa gari, nikamalizia kwa miguu. Ndani ya tangi nilimkuta mbeba maziwa, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakunisalimia, lakini alinisogezea karai la mchanga. Tulianza kwenye kuta zinazotazamana na tukashuka hadi chini, tukasuuza, tukayaacha maji ya uchafu yatoke yote, kisha bomba likafunguliwa na tangi likaanza kujaa upya. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na hatukuzungumza ila kupeana brashi na ndoo.

Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu, mwenyekiti alishusha kikombe cha bati kwa kamba, akakijaza, akakivuta juu. Alinusa kwanza. Kisha alikunywa kidogo, akashikilia maji mdomoni huku akiangalia mashamba, na sisi wawili tukasimama chini tukimtazama.

Aliyatema pembeni.

"Bado," akasema.

Mbeba maziwa alifungua tena mahali pa kutolea maji. Mimi nilipanda ngazi kwenda kuleta mchanga mwingine.