Pambio Langu Katikati ya Sala ya Kimya

Marafiki, aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa Mama Brayo ameshaanza kuisimulia kule Columbia Heights na kujitoa lawamani, heri muisikie kwangu.

Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku ughaibuni, mjini Woodbury. Mmoja wa wazee wangu ni mama yake rabi fulani, mtu mpole anayeongoza waumini wake na pia anafundisha muziki wa Kiyahudi chuoni, yaani ukiimba wimbo wowote karibu naye atakuuliza umeutoa wapi na bibi yako aliuimbaje. Alinisikia nikimwimbia mama yake, akaja hadi kanisani kwetu kuisikiliza kwaya, akasema anatafuta kwaya ya kuimba nao kwenye tamasha lao, ila kwanza niende nione wanavyoabudu. Wanakwaya wote wakaniangalia mimi. (Tangu tushone sare hakuna aliyetualika popote.)

Jumamosi nikaenda sinagogi kwao na Mama Brayo, mwenzangu wa sauti ya pili. Rabi akatuambia tujisikie nyumbani, tuimbe nao. Tukakaa mbele, maana kwetu mgeni hakai nyuma. Waliimba vizuri sana, halafu wote wakasimama na vitabu vyao, wakanyamaza. Midomo inacheza, sauti hakuna, rabi mwenyewe ametupa mgongo. Sasa kwetu ibada ikinyamaza hivyo ujue kiongozi amesahau wimbo, na mwanakwaya mwenye adabu huanzisha pambio kumsitiri.

Mama Brayo akaninong'oneza, "Amekwama huyo. Msaidie, bana."

Nikaanzisha. Mama Brayo, ambaye hajawahi kumwacha mtu aimbe peke yake, akaitikia na makofi juu. Hakuna aliyegeuka (baadaye ndipo nikaambiwa hiyo ni sala ya kila mtu na Mungu wake, na ukiianza huikatizi kwa sababu ya mtu), mimi nikadhani hawajasikia vizuri, nikapandisha sauti, Mama Brayo akapiga kigelegele, na rabi akaanza kurudi nyuma taratibu huku anainama, nikasema moyoni, haya, upako umeshuka. Kumbe ndivyo wanavyoimaliza. Bibi mmoja kando yangu akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Nilikaa chini nikatamani ardhi inimeze na kilemba changu.

Baada ya ibada kulikuwa na mikate na samaki. Nikamfuata rabi kuomba msamaha, kichwani napanga nitakavyowaambia wanakwaya kwamba tamasha limetuponyoka. Yeye akaanza kwa kuniuliza lile pambio nilifunzwa na nani. Nikamjibu, kisha nikamuuliza kama nimewaharibia.

"Nilikuwa nimefika pa kumwombea mama," akasema. "Mlipoanza, maneno yakanipotea. Nikaianza upya dua yake."

Hakukasirika, na hapo ndipo iliponiuma, kwa sababu huyo mama ni mimi ninayemlisha, na najua siku hizi anameza vijiko vichache tu.

Kwaya ilialikwa hata hivyo, na tutaimba. Lakini nimeapa: nikikuta watu wamenyamaza mbele za Mungu, hata kama wanakoroma, si mimi nitakayewaamsha.